Vitu vya Kuchezea Vitokavyo Jaani

Mashairi yana wapimaji wake. Shairi likipungukiwa mizani, wako wasomaji watakaoliona kosa hilo kabla wino haujakauka. Hadithi nazo hupimwa, na hotuba, na hata mahubiri, ijapokuwa hayo hupimwa njiani, watu warudipo nyumbani. Lakini iko kazi moja ya mikono na akili tuionayo kila siku katika nyua zetu, wala hatuipimi: nayo ni vile vitu ambavyo watoto hujifanyizia kwa makopo, vizibo, matambara, kandambili zilizokatika na waya zilizotupwa. Vitu hivi vina hukumu mbili tu kwetu. Ama husifiwa vyote kwa pamoja, ati tazameni werevu wa watoto wetu. Ama hufagiwa vyote kwa pamoja na kurudishwa jaani vilikotoka. Hukumu zote mbili ni za mtu asiyetazama.

Twaona imetupasa kutazama, kwa kuwa mambo haya yamekwisha ingia shuleni. Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2005 uliweka somo la Stadi za Kazi. Na walimu wa madarasa ya chini wamezoea kwa miaka mingi kuhesabia vizibo na kukata herufi katika maboksi, kwa sababu fedha za zana ni chache. Siku ya maonyesho hupangwa meza, na juu yake huwekwa magari ya makopo na maua ya chupa, na mwalimu hupita na kalamu akitoa maksi. Basi atoaye maksi ametoa hukumu, apende asipende. Na hukumu isiyo na kipimo humfundisha mtoto kwamba kazi njema ni ile imfurahishayo mkubwa.

Kwanza na tukumbuke asili. Wako wasemao kwamba kutumia tena kilichotupwa ni elimu mpya, iliyoletwa pamoja na semina za mazingira. Sivyo. Debe la mafuta ya taa lilipofika pwani hii halikutupwa baada ya mafuta kwisha. Likawa chombo cha kuchotea maji. Likawa kipimo cha nafaka, na hata leo mahindi huuzwa kwa debe. Likafumuliwa likawa bati la kuezekea. Na fundi bati akalikata akafanya koroboi na majiko ya mkaa. Mtoto aliyekaa kando ya fundi yule akiokota vipande vilivyoanguka alikuwa na mwalimu, ingawa hakuandikishwa. Gari la kopo ni ndugu mdogo wa koroboi. Kadhalika katika mashamba ya mkonge, ule mlingoti mrefu utokao katikati ya mmea uliokomaa, ukiisha kukauka, huwa mwepesi na hukatika kwa kisu kidogo. Na palipo na kitu chepesi kikatikacho kwa kisu, mtoto hahitaji kuambiwa la kufanya.

Wenzetu wa Ulaya walilitambua jambo hili kwa kuchelewa kidogo. Mwaka 1943, katika mtaa wa Emdrup mjini Copenhagen, nchi ya Denmaki, kilifunguliwa kiwanja cha watoto kilichojaa mbao, matofali na mabaki ya namna nyingi, wala hakikuwa na bembea za chuma. Aliyekifikiri ni msanifu wa bustani, Carl Theodor Sørensen, ambaye alikuwa ameona kwamba watoto hupenda zaidi kucheza penye mabaki ya ujenzi kuliko katika viwanja vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Twamtaja ili msomaji ajue ya kuwa jambo tulizungumzalo si la maskini peke yao.

Sasa tuseme kipimo chetu. Twauliza maswali matatu. La kwanza: je, kitu hiki chafanya kazi yake? Chombo na kielee, gari na liende, tiara na ipae. La pili: je, mtengenezaji ameijua tabia ya kile alichokiokota, akaitumia, au ameificha tu kwa rangi? La tatu: je, mtoto ndiye bwana wa kitu chake, aweza kukivunja na kukitengeneza tena bila kumwita mtu? Kitu kikipita katika maswali haya matatu ni kazi njema, hata kikiwa na sura mbaya. Kikishindwa, sura nzuri haitakiokoa.

Tuanze na kingalawa. Nenda Kigombe au Tongoni wakati wa maji kupwa, utawaona watoto wakisukuma vingalawa katika vidimbwi. Mwili wa chombo ni kandambili iliyokatika au kipande cha boya. Mlingoti ni kijiti. Tanga ni kipande cha mfuko. Na mirengu ya pande mbili ni vijiti vilivyofungwa kwa uzi wa nyavu. Swali la kwanza lajibiwa na upepo wenyewe, maana chombo kibaya hulala ubavu mara moja, na hakuna mwalimu awezaye kukitetea. Swali la pili lajibiwa vizuri kuliko katika kitu kingine chochote tutakachokitaja. Kandambili haikuchaguliwa kwa kuwa inapendeza. Ilichaguliwa kwa kuwa haizami. Mtoto amekiacha kile ilichofanyiwa, yaani kukanyagwa, akashika tabia yake ya kuelea. Huko ndiko kufikiri. Na ukitazama vingalawa kumi utaona makosa yale yale ya wanagenzi: mlingoti umewekwa nyuma mno, chombo kikageuka kila pepo ivumapo, au mrengu mmoja ni mzito kuliko mwenziwe. Mtoto huyaona, hutoa kijiti, hukichomeka mbele kidogo, hujaribu tena. Swali la tatu nalo limejibiwa.

Yafaa hapa kukilinganisha kingalawa hiki na chombo kikubwa chenye sifa duniani. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa metre 9, kwa plastiki iliyookotwa. Wakalivika kandambili zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hata Zanzibar ili kuwaonya watu juu ya taka za baharini. Ni kazi kubwa, na mbao zake za plastiki zilizoyeyushwa na kuchongwa kama mti ni ushindi wa ufundi. Lakini kandambili zake, kwa kipimo chetu, ni vazi: zinapendeza, zinahubiri, wala si zo ziubebao mzigo. Katika kingalawa cha mtoto kandambili ndiyo chombo chenyewe. Hatusemi haya kumpunguzia fundi heshima yake, maana jahazi lile lilikusudiwa kuonekana. Twasema ili ijulikane kwamba kidogo kisichoonekana chaweza kuwa na hoja iliyo safi zaidi.

Gari lina mambo yake. Magari ya makopo hupendwa sana mezani siku ya maonyesho, maana yana madirisha, taa, na jina la basi limeandikwa ubavuni. Tuyaweke chini mchangani. Mengi yatakwama. Vizibo, vikifanywa magurudumu, ni vyembamba na vikali. Huzama katika mchanga wetu wa pwani kama wembe. Tena tundu la kizibo aghalabu halikutobolewa katikati, basi gari huenda likichechemea. Mtoto aliyekata magurudumu mapana kwa soli ya kandambili amejibu swali la mchanga. Na yule aliyetafuta katikati ya duara kwa kuukunja mfano wa karatasi mara mbili, kisha akatoboa pale mikunjo ikutanapo, amejifunza hesabu ya maumbo kabla hajaifikia kitabuni. Mwalimu angalilitazama tundu lile kabla ya kuyatazama madirisha.

Gari la waya twaliweka juu ya gari la kopo, na sababu ni usukani wake. Ule waya mrefu, utokao katika magurudumu ya mbele ukapanda hata kifuani mwa mtoto, ni uvumbuzi wa kweli: hainami, hakokoti kamba, bali atembea wima na kukata kona kwa mikono miwili. Twakumbuka kitabu cha Karen Lynn Williams kiitwacho Galimoto, kilichotoka mwaka 1990 kikiwa na picha za Catherine Stock. Jina hilo ni neno la Kichewa, maana yake motokaa. Mvulana wa Malawi aitwaye Kondi azunguka kijijini akitafuta waya za gari lake. Kitabu chenyewe ni chepesi, lakini mwandishi ameona jambo moja ambalo wengi hulipita: sehemu kubwa ya hadithi ni kutafuta. Kuomba, kubadilishana, kukataliwa, kurudi tena. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya kazi. Mwalimu agawaye waya zilizokwisha katwa kwa vipimo sawa, kila mtoto kipande chake, ameiondoa nusu hiyo, kisha hushangaa kuona magari arobaini yaliyofanana.

Tiara ndiyo mwanachuoni miongoni mwa vitu hivi. Karatasi yake ni kurasa za daftari lililojaa, mbavu zake ni vijiti vya ufagio wa chelewa, mkia wake ni utambara. Hapana kitu kihitajicho upimaji kama hiki. Mkia ukiwa mfupi, tiara huzunguka kama kichaa na kuanguka. Ukiwa mrefu kupita kiasi, haipai. Ubavu mmoja ukizidi uzito, yote yaenda mrama. Na mtoto hupaswa kujua majira ya upepo, kusi na kaskazi, kama baharia. Tena ni kitu kisichodanganya: madaftari ya mwanafunzi mvivu na ya mwanafunzi hodari hupaa sawasawa. Lawama yetu kwa tiara ni moja, nayo ni ya wakubwa: siku hizi nyaya za umeme zimetanda mitaani, na mtoto huachwa aichezee chini yake. Nafasi ya tiara ni ufukweni au uwanjani, na ni juu yetu kumpeleka huko.

Mpira wa matambara na mifuko, wachezeao watoto wa chandimu, huonekana kuwa kitu duni kuliko vyote, maana ni fundo tu lililofungwa kwa kamba. Ni kweli kwamba haudundi sana. Lakini ulipata jaribio ambalo hakuna kitu kingine kililolipata.  Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Amri ilikuwa njema, kwa kuwa mifuko ile ilikuwa imejaa katika mitaro, mikoko na matumbo ya mifugo. Lakini pamoja nayo ilipungua malighafi kubwa ya mpira wa mtaani. Mpira haukufa. Ulirudi katika matambara, ambako ndiko ulikotoka, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na mabaki ya mifuko mipya iliyo kama kitambaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na uzuri wa mpira huu ni kwamba hauna mwenyewe mmoja: gari huendeshwa na mtoto mmoja na wenziwe wakatazama, bali mpira mmoja wa matambara huwakusanya ishirini.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo huachwa. Vitu vyote tulivyovitaja, aghalabu hutengenezwa na wavulana. Je, wasichana hawatengenezi? Hutengeneza. Mwanasesere wa gunzi la hindi, aliyevikwa kitambaa na kusukwa nywele kwa ndevu za hindi lenyewe, ni kazi ipitayo katika maswali yetu yote: gunzi lina umbo, ndevu zina urefu, na msichana aweza kumsuka na kumfumua apendavyo. Vifuu vikawa vyungu, vifuniko vya makopo vikawa sahani, na nyumba nzima ikasimama chini ya mwembe kabla ya adhuhuri. Lakini vitu hivi haviwekwi mezani siku ya maonyesho, kwa kuwa jioni hufumuliwa. Na wakubwa huviita kuigiza jikoni, hawaviiti ufundi. Tena muda wa msichana ni mfupi. Kaka yake atokapo shule huenda kutafuta waya, na yeye hupewa ndoo au hubebeshwa mdogo wake mgongoni. Basi mtu akisema kwamba wavulana ni wavumbuzi kuliko wasichana, amepima saa za kucheza, akadhani amepima akili.

Tumekwisha sifu, sasa tulaumu. Kitu kibaya kuliko vyote tulivyoviona katika jamii hii hakikutengenezwa na mtoto. Ni lile ua la chupa ya plastiki, au kikapu cha vizibo, kilichokatwa na mkubwa, kikapakwa rangi, kikagundishwa kwa gundi ya kununua, kisha kikatundikwa ukutani chenye jina la mtoto chini yake. Mtoto akikigusa huambiwa, "Acha, utaharibu." Kitu hicho hakifanyi kazi yoyote, kimeificha tabia ya chupa, na mtoto si bwana wake. Kimeanguka katika maswali yote matatu, na mara nyingi ndicho kipewacho maksi za juu. Kitu cha kuchezea kisichochezewa ni pambo. Nalo pambo liitwe pambo, lisitiwe katika hesabu ya watoto.

Iko pia lawama iliyo nzito kuliko ya uzuri. Si kila kilichotupwa ni halali ya mtoto. Chupa na magaloni ya dawa za kunyunyizia mimea hayatakati kwa kusuuzwa na mtoto kisimani. Betri zilizovuja, balbu, sindano na chupa za hospitali, na mabati yenye rangi kuukuu ibanduliwayo kwa kucha, vyote hivi vina sumu au ugonjwa. Kopo lililofunguliwa kwa kisu lina makali pembeni, na pembe hiyo hukunjwa kwa koleo na kupigwa kwa jiwe kabla halijapewa jina la gari. Tena makopo, vifuu na matairi yaliyoachwa mvuani ni nyumba ya mbu aenezaye homa ya dengu, naye ni mbu aumaye mchana, wakati watoto wanapocheza. Mwaka 2019 homa hiyo ilienea Dar es Salaam, na Tanga nayo ikapata wagonjwa. Basi mwalimu asemaye "leteni taka" bila kusema taka gani amewatuma watoto jaani macho yakiwa yamefungwa. Na ajue kwamba gari la kopo halipunguzi taka za mji. Hulichelewesha kopo mwezi mmoja, kisha hurudi lilikotoka. Tusilitwike gari dogo mzigo wa halmashauri.

Huenda msomaji akatuuliza: je, hamwoni ya kuwa mnausifu umaskini? Watoto wa wenye nacho wana vitu vya dukani, na wa kwetu wana jaa, nanyi mwaandika kana kwamba jaa ni baraka. Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara yake ya 31, wataja kucheza kuwa ni haki. Na haki haiokotwi jaani. Mkubwa yeyote asemaye kwamba shule haihitaji kiwanja, wala mipira, wala vitabu vya picha, kwa kuwa watoto wana vizibo, huyo ameugeuza werevu wa watoto uwe kisingizio chake. Vizibo havilipi deni la vitabu. Lakini kipimo chetu chakipima kitu cha dukani vile vile. Gari la betri, liendalo lenyewe na kulia ving'ora huku mtoto amesimama akilitazama, lafanya kazi yake vema sana. Ila siku betri inapokwisha, mtoto hana la kufanya. Halikuwa lake tangu mwanzo. Twataka watoto wetu wapate vya dukani vilivyo vyema, na wasinyang'anywe uwezo wa kutengeneza vyao. Mambo haya mawili hayagombani.

Kwa hiyo, ndugu walimu, twatoa shauri letu kwa siku ya maonyesho. Ondoeni meza. Magari na yawekwe mchangani, vingalawa katika beseni la maji, tiara nje penye upepo. Wanasesere, vifuu na vyungu vya mchanga vipewe kivuli na nafasi iliyo sawa na ya magari. Kila mtoto na aulizwe: hiki umekipata wapi, kwa nini ukachagua hiki na si kile, na kikivunjika utafanyaje? Kisha asikilizwe mpaka amalize. Maksi zitolewe kwa majibu hayo na kwa mwendo wa kitu chenyewe, wala rangi isihesabiwe. Na wale wenzetu ambao, wakikuta gari la waya ndani ya dawati, hulitupa motoni kwa kuwa limeuvuruga utulivu wa darasa, twawasihi walitie kabatini mpaka kengele ya mwisho, wakamrudishie mwenyewe.

Nabii Zekaria, alipotaka kuwaeleza watu jinsi Yerusalemu utakavyokuwa ukiisha kuponywa, hakuanza na kuta wala hazina. Alitaja wazee wakaao njiani na mikongojo yao, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Aliwataja wote wawili, wavulana na wasichana. Kipimo hicho chatosha kwa Ngamiani, Pangani na Muheza: tutazame jioni ni nani wanaocheza, na ni nani bado wako kisimani.